Pipa la Bluu Lilikuwa na Nini? Maabara Bubu za Dawa za Kulevya na Sumu Inayobaki Kijijini

Mama mdogo alikuwa anatafuta pipa la kuhifadhia maji. Tukasimama kwa muuza mapipa ya mtumba kando ya barabara kuu, akainamia moja la bluu lenye mfuniko wa kubana, akanusa, akainua uso haraka.

"Dada, hili lilikuwa na nini?"

"Sabuni tu, mama. Ukilisuuza kwa majivu ukalianika siku mbili, harufu yote inakwisha."

Lebo ilikuwa imebanduliwa. Palibaki gundi na kipande cha karatasi kisichozidi ukucha, chenye ncha moja ya ule mstari mwekundu unaozungushiwa alama za hatari kwenye vyombo vya kemikali. Mama mdogo akaliacha, akachukua jeupe lililokuwa na mafuta ya kula.

Nalikumbuka pipa lile kila ninapotazama picha za polisi waliovamia kiwanda bubu cha dawa za kulevya. Katika picha hizo macho ya watu huenda kwenye mifuko ya unga na kwenye thamani iliyotajwa. Mimi huangalia nyuma ya mifuko, kwenye mapipa, madumu, ndoo zenye madoa, na mpira wa maji uliopitishwa kwenye tundu la ukuta kuelekea nje. Unga utapelekwa mahakamani kuwa kielelezo, kisha utateketezwa. Mapipa je? Na kile kilichokuwa kinapita kwenye ule mpira, wiki baada ya wiki, kabla polisi hawajafika, kimekwenda wapi?

Nitazungumzia zaidi methamfetamini, dawa ya kulevya ya kusisimua mwili, kwa sababu ndiyo inayopikwa sana kwenye maabara za namna hii. Heroini huanzia kwenye shamba la mipopi na kokeini huanzia kwenye majani ya koka, na mimea hiyo ina nchi zake. Methamfetamini inaweza kutengenezwa kwa kemikali tupu. Anayeipika anahitaji paa, maji, na majirani wasiouliza maswali. Mambo hayo matatu yanapatikana kwa urahisi zaidi kijijini kuliko mjini.

Kwa nini shambani

Julai 2024, polisi wa Afrika Kusini waliingia kwenye shamba moja la Groblersdal, jimbo la Limpopo, eneo la kilimo cha umwagiliaji, wakakuta maabara ya methamfetamini ambayo thamani yake ilikadiriwa kufika rand bilioni 2. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwemo raia wa Meksiko. Septemba mwaka huohuo, wapelelezi wa Kenya wakavamia maabara ya dawa hiyohiyo Namanga, Kaunti ya Kajiado, jirani kabisa na mpaka wa Tanzania, na huko nako uchunguzi ukagusa mtandao wa Meksiko. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Falkland, sehemu ya mashamba na misitu huko British Columbia, Kanada. Polisi walitangaza kuvunja maabara waliyoieleza kuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kupatikana nchini humo, iliyokuwa na kilo 390 za methamfetamini na kilo 54 za fentanili, dawa kali ya kulevya inayofanya kazi kama heroini. Nigeria ilikuwa imetangulia. Maabara yake ya kwanza iligunduliwa Lagos mwaka 2011, na Machi 2016 ikapatikana kubwa zaidi huko Asaba, jimbo la Delta, nayo ikiwa na wataalamu waliotoka Meksiko.

Ukiziweka habari hizo pamoja utaona mtindo mmoja. Kupika dawa hizi kunatoa harufu kali, na mjini harufu humfikia jirani kabla jua halijazama. Shambani upepo unaibeba. Shambani pia pipa la kemikali halimshangazi mtu, kwa sababu kila mkulima ana dawa ya kupulizia, ana mbolea, ana madumu ya dizeli. Lori likiingia usiku, watu watadhani limefuata mazao. Halafu kuna kodi. Mgeni anakuja, anataka banda la kuku lililoachwa au nyumba ya shambani isiyokaliwa, habishani bei, na analipa mwaka mzima kwa mkupuo. Mwenye shamba ambaye msimu uliopita mvua ilimtupa mkono atamkataliaje?

Vijana wa hapo nao huhitajika, wa kubeba, wa kuchota maji, wa kulinda geti. Hawa ndio hushika mapipa kwa mikono mitupu bila kuambiwa kilichomo. Wakiugua, hawawezi hata kumweleza daktari walichoshika.

Si kama mtambo wa gongo

Wengi kijijini wakisikia habari ya kiwanda bubu cha dawa za kulevya hufikiria mtambo wa gongo uliokua kidogo. Ninaelewa wanakotoka, maana vyote viwili hufanyika kwa siri na vyote viwili ni kosa. Lakini gongo, pamoja na maafa yake yote, hutokana na kitu kilichochachuka, na machicha yake watu huwalishia nguruwe. Mabaki ya methamfetamini hakuna mnyama wa kulishwa, hakuna shimo la kuyaozesha, hakuna mmea wa kuyanyonya.

Namna inavyopikwa sitaieleza, na mwanakijiji haihitaji. Anachohitaji kujua ni aina ya vitu vinavyobaki. Kuna asidi, ndugu wa maji ya betri, na kuna magadi makali ya jamii ya kostiki soda wanayotumia watengeneza sabuni. Vyote hula ngozi, na vikiingia jichoni huweza kulipofusha. Kuna viyeyushi, vimiminika vya ukoo wa tina ya kuchanganyia rangi na dawa ya kutolea rangi ya kucha, ambavyo huyeyuka hewani haraka na kuwaka kama petroli. Kuna metali, na njia nyingine za upishi zimewahi kuacha zebaki au risasi, ambazo hazichakai. Zitakuwa udongoni mjukuu wako atakapokuwa analima.

Kuna pia gesi. Moja yake wakulima wetu wanaijua bila kuijua jina, nayo ni fosfini. Ndiyo inayotoka kwenye vile vidonge vya kufukizia mahindi ghalani, yenye harufu inayokaribiana na kitunguu saumu au samaki aliyechacha. Kila bwana shamba huonya watu wasilale chumba kimoja na magunia yaliyofukizwa, kwa sababu gesi hiyo huua usingizini. Katika baadhi ya maabara hizi gesi hiyohiyo hutoka wakati wa kupika, ndani ya nyumba ambayo madirisha yamezibwa kwa blanketi ili mwanga usionekane nje.

Uzito wa uchafu huu watu huukadiria kwa udogo mno. Idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, DEA, imekuwa ikieleza kwamba kila kilo moja ya methamfetamini huacha kilo tano hadi sita za taka za sumu. Kwa amfetamini, ndugu yake wa karibu, shirika la Ulaya linalofuatilia dawa za kulevya hukadiria kilo 20 hadi 30 za taka kwa kila kilo moja. Piga hesabu ya maabara iliyotoa kilo 100 tu za amfetamini. Ni tani mbili hadi tatu za taka, mzigo wa Canter nzima. Mtu anayefanya kazi kwa siri hawezi kuita gari la taka. Atamwaga.

Namna ya kumwaga imeonekana vizuri kusini mwa Uholanzi, jimbo la Noord-Brabant, ambako maabara za amfetamini na ekstasi zimekuwepo kwa miaka mingi. Mapipa hutelekezwa msituni na kando ya barabara za vijijini. Magari hubebeshwa matangi yenye bomba lililofunguliwa kidogo, yakatembezwa barabarani huku yakidondosha. Mengine huchomwa moto pamoja na mzigo. Kinachonitisha zaidi ni shimo la samadi. Wafugaji wa huko wana mashimo makubwa ya kinyesi chini ya mazizi, na taka za maabara zimewahi kumiminwa humo, zikachanganyika na samadi inayosubiri kumwagwa shambani. Mbolea inabeba sumu mpaka kwenye shina la chakula, na mfugaji mwenyewe huenda ndiye anayeendesha trekta.

Kisima

Kwetu kisima ndicho kitakachoanza kuumia. Visima vingi vya vijijini ni vifupi, vimechimbwa kwa mkono, mdomo wazi au umefunikwa kwa mbao. Kiyeyushi kikimwagwa kwenye udongo wa kichanga hushuka na maji ya mvua mpaka kwenye mkondo wa chini. Vingine ni vyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake. Vingine ni vizito, huzama na kutulia chini, vikitoa sumu kidogokidogo kwa miaka. Asidi nayo ina kazi ya pili ambayo haionekani, kwani huzilegeza metali zilizokuwa zimeshikamana na udongo, zikaanza kusafiri na maji.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo penye kosa linaloweza kugharimu maisha ya watu. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba maji yakitiliwa shaka yachemshwe. Ushauri huo ni sahihi kwa kipindupindu, kwa homa ya matumbo, kwa kila kinachoishi. Kemikali haiishi, kwa hiyo huwezi kuiua. Ukichemsha maji yenye metali, maji yanapungua na metali inabaki palepale, sasa ikiwa imekolea zaidi. Ukichemsha yenye kiyeyushi, mvuke wake unajaa jikoni na unaouvuta ni wewe. Kidonge cha klorini hakisaidii, na kuchuja kwa kitambaa hakusaidii. Kisima kilichoshukiwa hakitumiki kwa kunywa, kupikia wala kunyweshea mifugo mpaka maji yapimwe na mkemia. Kisingizio cha "tumeyanywa wiki nzima na hatujafa" kisikubalike, kwa kuwa risasi na zebaki hazina haraka.

Hewa na moto

Mvuke wa viyeyushi vingi ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi. Hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango, hushuka kwenye mteremko, na ukifika kwenye jiko la mkaa lililo mita kadhaa mbali hushika moto na kurudisha mwali ulikotoka. Ndiyo maana maabara hizi hulipuka. Desemba 1995, huko Aguanga, sehemu ya mashambani kusini mwa California, nyumba ya trela iliyokuwa ikipikiwa methamfetamini ililipuka na kuwaka, na watoto watatu wakafa ndani yake. Mpishi alikuwa mama yao.

Hatari nyingine ya hewa ilienea sana kwenye mashamba ya mahindi ya kati ya Marekani. Wakulima wa huko hutumia mbolea ya amonia isiyo na maji, inayowekwa kwenye matangi makubwa ya chuma kandokando ya mashamba. Wapishi waligundua kwamba ina kazi kwao, wakaanza kuiiba usiku. Amonia hiyo huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, kwa hiyo ikitoka kwenye tangi hugeuka wingu papo hapo, na wingu hilo hutafuta maji popote yalipo, kwenye macho, kooni, ndani ya mapafu. Mwizi mmoja aliyeacha vali wazi angeweza kulazimisha majirani wahame nyumba zao usiku. Wengine waliiweka kwenye mitungi ya gesi ya kupikia. Amonia huila shaba nyeupe ya vali, vali hugeuka rangi ya bluu au kijani na kudhoofika, na mtungi wa namna hiyo ukirudi kwenye mzunguko wa biashara unakuwa bomu mikononi mwa mtu asiyejua lolote. Ukiona mtungi wa gesi wenye vali ya rangi hiyo, usiusogeze hata kwa mguu.

Kuta, na mtoto anayetambaa

Katikati ya miaka ya 2000, watafiti wa kituo cha afya cha National Jewish mjini Denver walipima kinachotokea ndani ya nyumba dawa hii inapopikwa. Walikuta asidi, iodini na fosfini hewani, na methamfetamini yenyewe ikiwa imetanda juu ya kuta, sakafu na vitu vya ndani, hadi vyumba ambavyo hakuna aliyepikia humo. Mvuke husafiri, hupoa, hutua. Hauonekani kwa macho.

Sasa mfikirie mtoto wa miezi kumi kwenye nyumba kama hiyo, baada ya polisi kuondoka na mpangaji mpya kuingia. Anatambaa, na kila anachoshika kinaishia mdomoni. Pumzi zake ni za haraka kuliko za mtu mzima, na pua yake iko karibu na sakafu ambako mvuke mzito hukaa. Kiasi kisichomshtua baba yake mwenye kilo 75 kwake yeye mwenye kilo tisa ni dozi. Kwa sababu hiyo Marekani walianzisha, tangu miaka ya 1990, utaratibu maalumu wa watoto wanaokutwa kwenye maabara. Nguo zao huvuliwa zote, huogeshwa, hupimwa hospitalini, na hawatoki na blanketi wala mwanasesere wao hata wakilia. Ni utaratibu unaoumiza roho, na ni sahihi.

Lakini hofu nayo ikizidi huwa na madhara yake, na New Zealand walijifunza hilo kwa gharama ya watu maskini. Huko walichukua vipimo vikali vilivyofaa nyumba zilizopikiwa dawa, wakavitumia kwenye nyumba za serikali ambamo mtu alikuwa amevuta tu. Wapangaji wapatao 800 walitolewa kwenye nyumba zao. Mei 2018 ripoti ya mshauri mkuu wa sayansi wa waziri mkuu ikaeleza kwamba hapakuwa na ushahidi wa mtu kuugua kwa sababu ya masalia ya uvutaji peke yake. Kiwango kilichokuwa kikitumika kilikuwa mikrogramu 1.5 kwa kila sentimita 100 za mraba, na ripoti ikapendekeza 15 kwa nyumba ambazo hazikuwahi kuwa maabara. Idara ya nyumba iliomba radhi na kulipa fidia. Nyumba iliyopikiwa na nyumba iliyovutiwa si kitu kimoja, na anayekuja kupima lazima ajue anatafuta nini.

Dawa inapoingia kijijini kwenyewe

Maabara huanza kwa kulenga soko la mbali. Lakini kibarua anayelipwa kidogo anaweza kujilipa kwa kuchota, na kilichochotwa hupata wateja wa karibu. Kusini-mashariki mwa Nigeria, ambako maabara kadhaa zilikuwa zimegunduliwa, methamfetamini ilipata jina la Kiigbo, mkpuru mmiri. Kufikia 2021 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba baadhi ya vijiji vilianza kuwafunga vijana waliokutwa wakiitumia na kuwachapa viboko hadharani. Nimeitazama mikanda ya video ya viboko hivyo. Wazee wanaochapa wanaonekana wamechanganyikiwa kuliko wanaochapwa, na hakuna fimbo iliyowahi kumponya mtu uraibu.

Uraibu huu una ugumu wake. Kwa heroini, Tanzania ina kliniki za methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, tangu Hospitali ya Muhimbili ilipoanza mwaka 2011, na maelfu ya watu wamepata maisha upya. Methamfetamini haina methadoni yake. Hakuna dawa iliyoidhinishwa kuiondoa, na tiba iliyopo ni ya ushauri na ufuatiliaji wa muda mrefu, vitu ambavyo zahanati ya kijiji yenye muuguzi mmoja haina. Mtumiaji huweza kukesha siku kadhaa bila kula, akaona watu wasiokuwepo, akawashambulia waliopo. Familia nyingi hudhani amerogwa, wakapoteza miezi kwa waganga wa kienyeji.

Ukibana huku, kunavimba kule

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kemikali zenyewe zisizuiwe. Zinazuiwa, na kuzuiwa kwake kumekuwa na matokeo mawili kwa pamoja. Kemikali zinazoweza kugeuzwa kuwa dawa za kulevya Kiswahili cha mamlaka zetu kinaziita kemikali bashirifu, na nyingi kati yake zina kazi halali. Mfano unaojulikana zaidi ni sudoefedrini, iliyomo kwenye baadhi ya vidonge vya mafua. Marekani ilipofika 2004 ilikuwa inahesabu matukio zaidi ya 20,000 ya maabara kwa mwaka, jimbo la Missouri likiwa kati ya yaliyoathirika zaidi. Mwaka huo jimbo la Oklahoma likaamuru vidonge hivyo viwekwe nyuma ya kaunta ya mfamasia na mnunuzi aandikwe jina, na sheria ya nchi nzima ikafuata, ikasainiwa Machi 2006. Maabara ndogo za vijijini zilipungua kwa kasi kubwa. Watoto wengi wameokoka kwa sheria ile, na hilo lisemwe wazi.

Lakini upishi ulihamia Meksiko. Meksiko ilipopiga marufuku sudoefedrini mwaka 2008, magenge yakabadili njia, yakatumia kemikali nyingine, tena kwa kiwango cha kiwanda. Afghanistan wakagundua namna ya kutumia mmea wa efedra unaoota wenyewe milimani, na mzigo wao ukaanza kushuka na majahazi ya Bahari ya Hindi kuja pwani yetu. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa.

Niliposoma habari ya Namanga nilielewa kwamba hatua iliyofuata imeshaanza. Anayeweza kupika karibu na soko hahitaji kuvusha mzigo baharini, anahitaji kuvusha kemikali, na kemikali hupita mpakani ikiwa na karatasi za kiwanda cha rangi au cha dawa. Kwa hiyo kazi ya Mkemia Mkuu wa Serikali na maofisa wa forodha, ya kufuatilia nani ameagiza nini na amekitumia wapi, inamhusu mkulima moja kwa moja hata kama hajawahi kuisikia.

Nani analipia kusafisha

Februari 2011 fedha za serikali kuu ya Marekani zilizokuwa zikilipia usafishaji wa maabara ziliisha. Katika baadhi ya majimbo idadi ya maabara zilizoripotiwa ikashuka ghafla. Upishi haukuwa umepungua. Polisi wa wilaya ndogo walijua kwamba wakiikuta maabara, gharama ya kuisafisha itawaangukia wao, na mkono wa kutafuta ukawa mzito. Nalitaja hili kwa sababu nchi tajiri ndiyo iliyoshindwa.

Sisi tuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inamtaka mchafuzi alipe. Tatizo ni kwamba mchafuzi wa aina hii ama yuko gerezani ama ametoroka, na aliyebaki na shamba ni yule mzee aliyepokea kodi ya mwaka. Akiambiwa udongo wake hauna thamani tena na gharama ni zake, wa pili atakayekuta kitu kama hicho bandani mwake atafunga mlango na kunyamaza. Upimaji wa kisima na udongo baada ya uvamizi ulipiwe na serikali, na uanze siku ileile polisi wanapohesabu mifuko. Fedha na mali zinazotaifishwa kwa wauzaji zipo, na matumizi haya yanazistahili kuliko mengine yote.

Kwa aliye kijijini sasa hivi, dalili ni mkusanyiko wa mambo, kamwe si jambo moja. Nyumba yenye madirisha yaliyozibwa mchana na feni zinazovuma usiku. Harufu ya mkojo wa paka, mayai viza au rangi ya kucha mahali pasipo na sababu. Nyasi zilizokauka kwa mstari kutoka ukutani wakati kwingine ni kijani. Mapipa yanayoingia bila mazao yanayotoka. Usimtilie jirani shaka kwa sababu ana pipa moja la dawa ya pamba, au kwa sababu anatengeneza batiki. Na ukishashawishika, usiende kuchungulia. Usiwashe tochi ya moto, usiwashe wala kuzima swichi ya umeme, usifungue kifuniko. Tanzania namba ya bure ya kutoa taarifa kwa Mamlaka ni 119, na wenzetu wa Kenya wanaohitaji msaada wa uraibu hupiga 1192 ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Aliyemwagikiwa avuliwe nguo hapohapo nje na kumwagiwa maji mengi kwa muda mrefu kabla ya kupandishwa bodaboda, la sivyo dereva na muuguzi nao watadhurika. Daktari aambiwe kila kitu kilichoonekana, hata rangi ya kimiminika.

Kuna jambo moja dogo ambalo ningependa lianze kesho asubuhi. Wakulima wanaofundishwa vizuri kutumia viuatilifu huambiwa wasuuze chombo kitupu mara tatu kisha wakitoboe, ili asitokee mtu wa kukitekea maji. Mapipa ya maabara bubu hayafai hata kusuuzwa, kwa sababu maji ya kusuuzia yataishia udongoni. Lakini kutobolewa yanaweza. Mkemia akishachukua sampuli yake, na kilichomo kikishahamishwa salama, kila pipa, kila dumu, kila ndoo litobolewe kitako mbele ya mwenyekiti wa kijiji kabla halijatoka kwenye ule ua, ili lisije kufika kando ya barabara kuu, lebo imebanduliwa, likisubiri mama anayetafuta chombo cha maji.